Hell's Gate na kikundi: uzoefu wangu wa siku nzima

Tulikuwa watu kumi na wanane, wengi hatujuani, tukatoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi kwenda Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, Naivasha. Malipo yalijumuisha usafiri, kiingilio, baiskeli, kupanda mwamba na chakula.

Nianze na baiskeli, maana hapo ndipo nilipokasirika. Breki ya nyuma ya yangu haikushika kabisa, na niligundua nikiwa tayari kwenye mteremko, pundamilia wamesimama kando ya njia. Nilibadilishiwa, lakini baada ya kuikokota hadi langoni. Ukipewa yako, ijaribu palepale kwenye lango la Elsa. Mbele yako kuna kama kilomita nane za vumbi kabla ya kufika korongoni.

Fischer's Tower ni mwamba wa mita 25 hivi, na mimi sikuwa nimewahi kupanda mwamba wowote. Kijana aliyenifunga mkanda aliuvuta mara mbili, kisha akaniambia nami nikague fundo la kamba kwa mkono wangu. Katikati nilikwama. Vidole vimeingia kwenye ufa, miguu inatetemeka, pimbi ameketi juu ya jiwe ananitazama. Sauti ikatoka chini: "Pumzika kwanza, dada. Kamba nimeishika." Nilifika juu, nikalia kidogo.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni korongo. Tulikuwa tumeshuka kama dakika ishirini, kuta zimetubana pande zote, maji ya moto yanachirizika kwenye mwamba, mwongozaji akaona wingu zito kwa mbali akasema turudi. Juu yetu jua lilikuwa linawaka! Watu walinung'unika, mmoja akadai arudishiwe pesa. Mwongozaji hakupandisha sauti. Alieleza kwamba mvua ikinyesha huko juu, maji hushuka humu kwa ghafla hata kama kwetu ni kukavu, na hakuna pa kukimbilia. Septemba 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu saba humuhumu. Alitutanguliza sote, yeye akapanda wa mwisho.

Pilau ilichelewa na ilikuwa imepoa. Hilo walirekebishe, pamoja na baiskeli zao. Mimi nimeshalipia safari ya Mlima Longonot mwezi ujao, na nimeomba mwongozaji yuleyule.