Karura Forest: rivyu ya mtu anayeongoza chama

Nianze na maksi ndio msingoje hadi chini: naipa nyota nne na nusu, na hiyo nusu nitawaambia nimeikata wapi. Hii si rivyu ya picha za maporomoko, hizo ziko kibao, mimi nimeenda Karura kama mwenyekiti wa chama cha akina mama, watu wa kuchanga kila mwezi na kununua ploti, na kila tukikaribia kufunga mwaka tunatafuta pahali pa kukaa tupange mwaka unaokuja. Ukiuliza hoteli bei ya ukumbi na chai ya saa nne unasikia kizunguzungu, ndio mtu kwa grupu akasema si twende msituni tu, na wengine wakacheka ati tunaenda kuokota kuni. Haya, waliocheka ndio walikuwa wa kwanza kuuliza tutarudi lini.

Kwa wasiopajua, Karura iko ndani ya Nairobi kabisa, kati ya Limuru Road na Kiambu Road, imepakana na Muthaiga, Runda na Gigiri kwenye ofisi za UN. Ni hekta elfu moja na ushee, msitu wa serikali tangu 1932. Ukitoka tao panda 106 ama 107 zinazopita Limuru Road, ama 100 ya Kiambu, inategemea unataka geti gani, na tafadhali mkubaliane geti MAPEMA kwa sababu mageti yako mbali na mtu akiingia upande wa Kiambu Road na nyinyi mko Limuru Road atatembea hadi akose hamu ya mkutano. Unalipa kwa simu, noti acha nyumbani, na bei cheki siku hiyo hiyo kabla hujatangazia watu mchango. Chupa za plastiki usibebe, beba maji kwa chupa ya kutumia tena.

Sasa kitu kilichonifurahisha kuliko yote ni posti, yaani nguzo za kuonyesha njia. Ndani kuna njia zaidi ya kilomita 50 ukizijumlisha zote, na kila mahali njia zinapokutana kuna posti yenye namba, na namba hizo ziko kwa ramani. Inaonekana ni kitu kidogo lakini nikisimama hapo mbele ya ile posti nilijiuliza kuna mtu alikaa chini akafikiria mgeni ambaye hajawahi kuja, amepotea, hajui mashariki wala magharibi, atasema yuko wapi? Atasema yuko namba fulani, basi. Katibu wetu alibaki nyuma na wale wa kupiga picha, akapiga simu, nikamuuliza "uko wapi mama?" akaanza "kuna miti mingi hapa…" nikamwambia mama hapa kote ni miti, nisomee namba! Akasoma, tukaangalia ramani, akaambiwa shika kushoto, alitufikia kabla chai haijamiminwa. Huo ndio uongozi mimi naelewa, ule wa kufikiria shida ya mtu kabla hajaipata, na hakuna mtu atawahi kukata utepe kwa ajili ya posti.

Tukiwa tumekaa nikawapa wenzangu historia ya hapo, na nitaiweka hapa kwa sababu ukiijua hiyo ada ya geti unailipa bila kunung'unika. Wengi wetu tunajua Wangari Maathai, yule mama mtetezi wa mazingira, alipigwa Karura na tunajua alipata Nobel ya amani 2004, tukifika hapo tumemaliza. Lakini ukifuatilia vile alifanya kazi unaona hakuwa mtu wa hasira tu anayekimbilia tingatinga. 1998 ilipojulikana kwamba vipande vya msitu vimegawiwa watu binafsi wajenge manyumba, alianza na barua na magazeti, ndio kila mtu ajue na asitokee mkubwa wa kusema hakuambiwa (na mjue wakati huo hakukuwa na simu ya kurekodi video ukarusha mtandaoni). Hiyo njia alikuwa ameshaijaribu 1989 kwa lile jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza Uhuru Park, na jengo halikujengwa. Halafu akaenda Karura na miche. Sio mawe, miche. Fikiria hesabu yake: wewe mwenye geti ukimpiga mtu aliyebeba mche wa mti utaeleza nini? Na hakwenda pekee, alienda na wabunge, waandishi wa habari, na wageni kutoka nje, watu ambao wakiona kitu kitasikika mbali.

Tarehe 8 Januari 1999 walikuta walinzi wamejipanga na mapanga na marungu, akapigwa kichwani hadi damu. Akaenda kituo cha polisi cha Muthaiga kuripoti, na alipoambiwa aweke sahihi kwenye taarifa yake akachovya kidole kwa damu yake mwenyewe akaweka alama ya X. Mhasibu wetu aliposikia hapo akanyamaza kidogo akasema "huyo mama hata akiwa anatoka damu bado alikuwa anaweka ushahidi kwa faili." Hivyo ndivyo mimi pia naiona. Mwingine angepiga nduru akaenda hospitali, na nduru haikai kwa faili. Mwisho wa mwezi huo wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani kwa ajili ya msitu, na Agosti mwaka huo huo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Hapo ndipo hadithi huwa inaishia kwa wengi na hapo ndipo mimi huanza kuwa na maneno. Kwa sababu baada ya ushindi, miaka kama kumi hivi, nani alikuwa anaenda Karura? Wakazi wa Nairobi wa umri wangu mnajua. Karura ilikuwa jina la kutishia mtu, habari zake zilikuwa za wizi na maiti, mzazi angekusikia unasema unaenda kutembea Karura angekuombea. Msitu ulikuwa umeokolewa kwa maneno lakini haukuwa na mwenyewe wa kila siku. Nimeona vyama vingi vikifa hivyo hivyo, mnapigania ploti miaka mitatu, mnaipata, mnakula mbuzi, halafu hakuna aliyeandikwa kazi ya kwenda kuangalia bikoni za mpaka kama bado ziko.

Kilichobadilisha ni mpango wa pili, ule usio na damu wala magazeti. Sheria ya Misitu ya 2005 ilifungua mlango jamii ziunde vyama rasmi vya kusaidiana na serikali kusimamia msitu, na hapo Friends of Karura wakaingia na kufanya kazi na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Na angalia mpangilio wao, mimi nimeusifia sana kwa mkutano. Kwanza uzio wa umeme, maana bila usalama hakuna mgeni. Vijana wa mitaa jirani kama Huruma wakapewa kazi ya ulinzi, na hii ndiyo akili kubwa kuliko uzio wenyewe, kwa sababu kijana anayeishi hapo nje anajua kila kijia na kila anayepitia huko, sasa ukimwacha nje anabaki kukuangalia, ukimpa yunifomu na mshahara anakulindia. Mageti yakafunguliwa rasmi 2011, watu wakaanza kulipa, na msitu ukaanza kuwa na pesa za kujitunza. Mbega wale weusi wenye manyoya meupe waliletwa baadaye kutoka upande wa Nyandarua, kukiwa na msitu uliotulia wa kuwapokea. Hebu geuza huo mpangilio, uanze na mbega halafu uzio uje ukipata bajeti. Si kuna maofisi tunazijua zinafanya hivyo kila mwaka? Uzinduzi kwanza na tisheti, mpango utatafutwa.

Kwa hiyo sisi tulikaa kwa nyasi za pikiniki na ajenda yetu ilikuwa na miradi saba, na nikasema leo hatuondoki na saba. Kila mradi ulioletwa niliuliza maswali mawili tu, uzio wake ni nini, na ni nani atakuwa hapo baada ya kula mbuzi. Ile ya kuku wa mayai ikaanguka hapo hapo, aliyeileta hakuwa amefikiria soko (samahani dada yangu, lakini ulianguka vizuri). Tulibaki na miwili, kila mmoja una jina la mtu, tarehe, na kiasi cha pesa ambacho kikizidi tunasimama kwanza. Kabla ya siku hiyo sikuwa nimewahi kuongoza mkutano ukaisha kabla ya chakula cha mchana kuiva, hapo sitawadanganya ati ni msitu ulifanya, lakini kukaa mahali ambapo unaona kwa macho kazi iliyopangwa kunafunga mdomo watu wa blabla.

Vitu vingine haraka haraka. Maporomoko ni mazuri, yako kama mita 15 kwenda juu, na mapango yapo karibu, yale yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau, wazee watapenda. Baisikeli za kukodi zipo. Kima ni wezi jamani, ukifungua mkate angalia juu kwanza, na usiwalishe. Mgahawa uko ndani, chakula kizuri, ila kwa watu zaidi ya kumi wa chama mfuko utalia, bebeni chapati zenu. Wazee wa magoti chagueni njia za karibu na geti la Limuru Road, hazina mlima sana.

Nusu nyota nimeikata kwa vitu viwili na kimoja si kosa la mtu. Udongo wa pale ni ule mwekundu wa Kiambu, mvua ikinyesha usiku asubuhi ni kuteleza tu, kwa hiyo kiongozi unayeleta watu wazima usiwaache waje na viatu vya kanisani, waambie raba ama gamubuti na uwaambie mara mbili. Cha pili ni Jumapili. Jumapili mchana Nairobi yote iko pale, familia, makanisa, mbwa, watoto na mipira, ni raha kama umekuja kucheza lakini kwa mkutano hamtasikilizana. Sisi tulienda katikati ya wiki asubuhi na mapema, kukawa kimya hadi unasikia ndege, ila waajiriwa wawili ilibidi waombe ruhusa kazini.

Mwenye anataka kuleta kikundi kikubwa, shule ama kanisa, awasiliane na wasimamizi kabla, asijitokeze getini na basi mbili. Na kama kikundi chenu kinataka kupanda miti, ulizeni mpangwe msimu wa mvua ndefu, na muulize pia ni miti gani, kwa sababu pale sehemu kubwa ilikuwa imepandwa mikalitusi na polepole wanairudisha kwa miti ya kienyeji, kwa hiyo usije na miche yako ya maua ya kando ya barabara. Sisi tumeshaomba tarehe ya Aprili, mweka hazina ameshatenga pesa za miche na nauli, na katibu ameambiwa atembee mbele.