Vichaka vya maua kutoka vitalu vya barabarani Dar es Salaam: uzoefu wangu na kila aina

Nimekuwa mteja wa vitalu vya kando ya barabara hapa Dar es Salaam kwa bustani za nyumbani, zilizo ufukweni na zilizo mbali kidogo na bahari. Kwa ujumla nawapa nyota 4 kati ya 5. Miche ni mizuri, aina ni nyingi, bei inazungumzika. Nyota moja naiondoa kwa sababu ya ushauri: muuzaji anakuonyesha ua lililochanua, wakati kinachoamua kama kichaka kitaishi ni mizizi, udongo wa kwako na chumvi ya upepo na ya maji. Hayo inabidi uyakague mwenyewe.

Anza na kiriba, yaani ule mfuko wa plastiki wenye udongo na mche. Kiinue kwa kukishika chenyewe, usivute shina, utazame chini. Viriba vikikaa pale pale kwa miezi bila kusogezwa, mzizi mkuu hupenya na kuzama kwenye ardhi ya kitalu. Siku ya kuuzwa unang'olewa kwa nguvu, unakatika, na mche unaondoka na vimizizi vya pembeni tu. Siku mbili tatu za kwanza majani hubaki safi, halafu hunyauka hata ukimwagilia asubuhi na jioni, kwa kuwa mizizi iliyobaki haitoshi kupandisha maji. Dalili ni jeraha bichi jeupe chini ya kiriba, hasa likiwa na unene wa kalamu au zaidi. Mche huo uache, hata kama umejaa maua. Mwambie muuzaji, "Kaka, nipatie ule ulioshasogezwa." Mzoefu ataelewa mara moja.

Kuna kasoro ya upande wa pili: mche uliohamishwa juzi kutoka kiriba kidogo kwenda kikubwa ili bei ipande. Shika shina kwa vidole viwili karibu na udongo, ulitikise taratibu. Likicheza huku udongo ukiachana pembeni, unalipia udongo. Minya kiriba pia. Mche uliokomaa ndani yake utauhisi kama donge moja lililoshikamana.

Ndago sizivumilii kabisa. Zikiwa zimechomoza ndani ya kiriba, muuzaji atazing'oa mbele yako na mche utaonekana msafi, lakini vinundu vyake hubaki ndani ya donge na huchipua upya bustanini. Bustani iliyoshikwa na ndago ni kazi ya miaka. Mwisho, geuza majani. Ukiona pamba nyeupe kwenye vikonyo na sisimizi wakipanda na kushuka, hivyo ni vidung'ata. Sisimizi wanafuata umajimaji mtamu unaotolewa na vidung'ata hivyo.

Swali moja la kuuliza kabla ya kulipa: mche umekuzwa juani au chini ya neti? Wa kwenye neti ukipelekwa moja kwa moja kwenye jua la saa sita, majani hubabuka na kuwa na mabaka meupe. Uzoeshe kwa wiki moja au mbili, jua la asubuhi kwanza.

Sasa vichaka vyenyewe.

Bogenvilia, nyota 5. Kwa nyumba ya pwani yenye uzio na jua la kutosha, sijaona kinachoishinda. Inastahimili upepo wa chumvi, inastahimili kiangazi, na miiba yake ni ulinzi wa bure. Ile rangi tunayoipenda ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe katikati. Inataka jua lisilopungua saa 6 kwa siku. Malalamiko ninayoyasikia kila mara ni kwamba bogenvilia "imekataa kutoa maua", na karibu mara zote sababu ni mapenzi yaliyozidi: inamwagiliwa kila siku, inawekewa samadi nyingi au yurea, au imepandwa jirani na shimo la maji machafu. Nitrojeni iliyomo kwenye mbolea hizo na maji mengi huifanya itoe majani mapana na fito ndefu badala ya maua. Ikishashika, mwagilia maji mengi kwa mara moja, kisha iache mpaka ncha za matawi zianze kulegea ndipo urudie. Kiangazi cha baada ya masika ndicho huifungulia maua.

Tahadhari tatu za kununua bogenvilia. Chukua yenye maua machache, ili uhakikishe rangi, kwa sababu miche ya rangi tofauti huchanganyika sana kitaluni. Zile za "rangi mbili" mara nyingi ni vipandikizi viwili ndani ya kiriba kimoja, na chenye nguvu zaidi humeza mwenzake. Ukizitaka hivyo, uwe tayari kupogoa upande wenye nguvu. Na zile za petali nyingi zilizosongamana huonekana za kifahari kitaluni, ila maua yakikauka hayadondoki, yananing'inia ya kahawia mpaka uyakate kwa mkono.

Iksora inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayouzwa sana kwa kupanga mstari chini ya ukuta wa nyumba, na hapo ndipo inapoteseka. Iksora hupenda udongo wenye asidi kidogo, pH 5 hadi 6 hivi (pH ni kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua). Pembeni mwa msingi wa nyumba pana kifusi, saruji na plasta iliyodondoka wakati wa ujenzi, navyo hupandisha pH. Sehemu kama Msasani, ambako chini ni mawe ya matumbawe, hata udongo wa asili una chokaa. Kwenye udongo wa namna hiyo madini ya chuma yapo ardhini lakini mmea hauwezi kuyanyonya: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kisha hupauka na kukauka. Muuzaji atakwambia ongeza samadi. Samadi peke yake haitibu hilo.

Kabla ya kununua iksora, chukua kijiko cha udongo mkavu wa mahali unapotaka kuipanda, kidondoshee siki. Ukichemka na kutoa vipovu, una chokaa. Hapo una njia mbili: panda kitu kingine, au sogea angalau sentimita 60 kutoka ukutani, ondoa kifusi kwa kina cha sentimita 50, jaza udongo usio na chokaa uliochanganywa na mboji, na weka matandazo. Kama tayari unayo na imegeuka manjano, tafuta mbolea ya madini ya chuma aina ya EDDHA kwenye duka la pembejeo. Ile ya EDTA hupoteza nguvu haraka kwenye udongo wa chokaa. Na kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kingo za majani zitaungua. Kwenye udongo unaoifaa nyota 5, chini ya ukuta wa saruji nyota 2.

Duranta ya njano, nyota 4. Kwa uzio mfupi unaokatwa mstari hakuna inayojaza haraka kuliko hiyo. Panda kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 45. Ikiwa kivulini njano yote inapotea inabaki kijani tu, kwa hiyo chini ya mwembe usiipeleke. Ikiachwa bila kukatwa huzaa vitunda vya rangi ya chungwa vyenye sumu, na watoto huvitamani.

Haibiskasi naipa 3. Maua yake makubwa hakuna asiyeyapenda, na ingawa kila moja hudumu takriban siku moja, mti ukishiba hufungua mapya kila asubuhi. Shida ni wadudu: vidung'ata, vidukari, inzi weupe, wote huanza nayo. Mafuta ya mwarobaini mililita 5 kwa lita ya maji na matone ya sabuni ya maji, upulize jioni chini ya majani na urudie baada ya siku 7, hufanya kazi ukiwahi. Asiye na muda wa kugeuza majani kila wiki asiinunue.

Krotoni na akalifa ni za rangi ya majani. Krotoni hudondosha majani ikihamishwa, usiogope, yatarudi. Utomvu wake huacha madoa kwenye nguo na kuwasha ngozi. Akalifa hukua mpaka mita 2 au 3, kwa hiyo chini ya dirisha itakupa kazi ya kukata mwaka mzima. Mhina sijui kwa nini hauthaminiwi na vitalu vingi: unastahimili ukame, unakatika vizuri kuwa uzio, na maua yake yananukia.

Oleanda siishauri kwa nyumba yenye watoto au mbuzi, ingawa inastahimili chumvi na kiangazi vizuri sana. Kila sehemu yake ina sumu inayoathiri moyo, na matawi yaliyokatwa hayafai hata kuchomwa moto, maana moshi wake pia una madhara. Baadhi ya wauzaji hawasemi neno kuhusu hili, na hapo nawalaumu waziwazi. Lantana nayo iache: ndege husambaza mbegu zake, inavamia mashamba na malisho, na ina sumu kwa mifugo.

Huduma ya kupandiwa, ambayo vitalu vingi huiuza pamoja na miche, naipa nyota 2. Nilichokutana nacho kwa fundi zaidi ya mmoja ni shimo lenye ukubwa wa kiriba, samadi mbichi ya kuku chini, na shina lililofukiwa juu kuliko lilivyokuwa. Samadi mbichi huunguza mizizi, na shina lililofukiwa huoza masika yakianza. Simama hapo, au panda mwenyewe. Chimba sentimita 45 kwa 45 kwa 45, weka udongo wa juu pembeni, uuchanganye na nusu debe ya samadi iliyooza vizuri au mboji. Chana kiriba kwa wembe, usivute mche, hasa bogenvilia ambayo mizizi yake ni myembamba na donge likivunjika hukasirika kwa wiki. Mizizi iliyozunguka ndani ya kiriba ifungue au ikate pembeni mistari mitatu minne. Usawa wa udongo uwe ule ule wa kitaluni. Mwagilia lita 10, tandaza majani makavu unene wa sentimita 5, uache wazi kiganja kimoja kuzunguka shina ili mchwa na unyevu visilifikie. Wakati mzuri ni mvua za kwanza za vuli au masika. Ukipanda Januari, jiandae kumwagilia kila baada ya siku moja kwa mwezi wa kwanza.

Usafiri wa kirikuu ni nafuu, ila dai turubai. Upepo wa safari ya mchana hukausha majani kabla mche haujafika.

Kupogoa: bogenvilia, iksora na haibiskasi hutoa maua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo zikate mara tu maua yanapoisha. Ukizikata zikiwa na vitumba umejinyima maua ya msimu huo. Uzio wa duranta ukate uwe mpana chini na mwembamba juu. Mafundi wengi hufanya kinyume, na juu pakitanuka chini panakosa mwanga na kubaki vijiti.