Nyenzo za Mwendesha Mchezo Mgeni: Ununue Ipi Kwanza?

Wengi wanaotaka kuendesha mchezo wa kuigiza wahusika mezani kwa mara ya kwanza, yaani kusimulia na kuongoza kisa huku wenzao wakiigiza wahusika, hukimbilia kitabu kinene cha kanuni, na hapo ndipo fedha zao zinapopotea. Kanuni mtu anaweza kuzifungua na kuzisoma mchezo ukiendelea. Kinachomtoa mgeni jasho ni pale wachezaji wanapofanya jambo asilolitarajia, na yeye hajui aseme nini. Dawa yake ni kisa kifupi kilichokwisha kuandikwa, kinachomwelekeza hatua kwa hatua. Nyenzo zifuatazo zimepangwa kwa kipimo hicho.

1. Pathfinder Beginner Box (2020)

Kisanduku hiki cha kuanzia cha mchezo wa Pathfinder tunakiweka mbele ya vyote. Ndani mna kitabu cha wachezaji chenye kurasa 80, kitabu cha mwendesha mchezo chenye kurasa 96, seti ya dadu, ramani ya kukunjua iliyochorwa pande zote mbili, wahusika wanne walio tayari, na vibao vya kadibodi zaidi ya 100 vya kusimamisha mezani badala ya sanamu.

Ubora wake umo katika mpangilio wa kisa. Vyumba vya mwanzo huleta kanuni mpya kidogo kidogo, kwa hiyo huhitaji kumaliza kitabu kabla ya kikao. Soma vyumba vitatu vya mwanzo, weka alama kwenye ukurasa wa mazimwi (maadui unaowaendesha wewe), kisha anza. Kitabu cha wachezaji nacho kina kisa cha kucheza peke yako. Kimalize kabla ya kuwaita wenzako, nawe utakaa mezani ukijua dadu zinavyosomwa.

Kuna mtego mmoja. Kila mhusika ana vitendo vitatu kwa zamu, na mgeni huvitumia vyote kushambulia. Kwa kawaida matokeo ya dadu ya shambulio la pili hupunguziwa 5 na ya la tatu 10, kwa hiyo la tatu mara nyingi hukosa. Mazimwi yako yasogee, yapige, yajikinge. Wachezaji watakuiga bila kuhubiriwa.

2. Call of Cthulhu Starter Set (2018)

Kundi lako likipenda upelelezi na hofu kuliko vita, kipandishe hiki kiwe namba moja. Kanuni yake kuu hufahamika kwa sentensi moja: mwenye ujuzi wa 60 hufaulu akitupa dadu za asilimia (mbili za pande 10, moja ya makumi na moja ya mamoja) na kupata 60 au chini yake. Kijitabu cha kwanza ni kisa cha mtu mmoja, cha pili kina kanuni, na cha tatu kina visa vitatu, kimojawapo kikiwa cha mwendesha mchezo na mchezaji mmoja tu. Hakuna mazoezi mazuri kuliko hayo kwa anayeogopa kuzungumza mbele ya watu wanne.

Upelelezi hukwama pale kisa kizima kinapotegemea dokezo moja, na wachezaji wakalipita. Kwa kila jambo wanalopaswa kuling'amua, andaa madokezo matatu katika sehemu tofauti. Lile la lazima wape mara tu wanapotafuta mahali panapostahili, bila kutupa dadu.

3. Visanduku vya Dungeons & Dragons

Essentials Kit (2019) ina dadu 11, mafunzo ya kuunda mhusika, na kanuni za wasaidizi zinazowezesha mchezo wa mwendeshaji na mchezaji mmoja. Dragons of Stormwreck Isle (2022) ina kisa chepesi cha kurasa 48 na wahusika watano walio tayari, lakini haifundishi kuunda mhusika wako mwenyewe. Ukiwa na wachezaji wanne wanaotaka kuanza leo, chukua hiki cha pili.

Angalia toleo. Vyote viwili vinafuata kanuni za 2014, na kanuni zilirekebishwa mwaka 2024. Heroes of the Borderlands (2025) ndicho kinachofuata zile mpya. Mchezaji mmoja akija na kitabu kipya na mwingine cha zamani, kikao kitaishia kwenye mabishano. Amueni toleo kabla ya kuunda wahusika.

4. Vya bure

Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zilitolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, lakini hazina kisa, hivyo kwa mgeni ni kama kamusi. Toleo fupi la bure la Call of Cthulhu linafaa zaidi kwa sababu lina kisa kamili.

Ukichapa ramani, chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Ukiiacha mashine ilinganishe na karatasi, miraba ya sentimita 2.5 hupungua na vibao havitoshei.

5. Return of the Lazy Dungeon Master (2018)

Hiki ni kitabu cha kumfundisha mwendesha mchezo kujiandaa. Kinunue baada ya vikao viwili au vitatu, utakapokuwa umeonja ugumu wenyewe. Kinagawa maandalizi katika hatua nane. Iliyo bora kwetu ni ya kuandika siri kumi bila kuamua zitagunduliwa wapi: wachezaji waende watakako, daima utakuwa na la kuwapa.

6. Dungeon Master's Guide (2024)

Mwongozo wa mwendesha mchezo wa Dungeons & Dragons, kurasa 384. Ni kizuri, ila kisubiri hadi uanze kuunda ulimwengu wako.

Ukinunua kilichotumika, hesabu dadu: seti ya kawaida ni saba, ingawa idadi hutofautiana kwa kisanduku, na inayoweza kupotea bila kugundulika ni ile ya pande 10 yenye makumi, ambayo Call of Cthulhu huitegemea. Uliza pia kama karatasi za wahusika zimeandikwa kwa kalamu ya wino, maana hapo utalazimika kuchapa nyingine.