Tathmini ya lugha ya J: faida ya viazi katika mstari mmoja

Kwa miezi mitatu kikundi chetu cha jioni hapa Iyunga, Mbeya, kimekuwa kikiitumia J, lugha ya kuandikia programu za kompyuta inayoshughulikia safu nzima ya namba kwa mkupuo, iliyobuniwa na Kenneth Iverson na Roger Hui mwaka 1990, nami ninaipendekeza kwa yeyote anayetaka kuona gharama halisi ya suluhisho analoliandika. Inapatikana bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta haili bando.

Fumbo tulilolijaribia ni la mfanyabiashara wa viazi wa Uyole: ukipewa bei za gunia kwa mfuatano wa siku, tafuta faida kubwa kabisa ambayo angeipata kwa kununua siku moja na kuuza siku ya baadaye. Wengi wetu tulianza na jedwali la kila siku dhidi ya kila siku, ambalo J hulitengeneza kwa alama chache mno hata likashawishi. Lakini bei 10,000 huzaa visanduku 100,000,000, na kwa baiti 8 kila kimoja, jedwali hilo peke yake humeza megabaiti 800 za kumbukumbu. Mstari ufuatao, ambamo "bei" ni jina la orodha ya bei zote, haulihitaji kabisa:

>./ bei - <./\ bei

Husomwa kuanzia kulia. Sehemu ya <./\ hutoa, kwa kila siku, bei ya chini kabisa iliyokwisha kuonekana. Bei hiyo hutolewa katika bei ya siku yenyewe, kisha >./ huchukua tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Bei zikiongezeka maradufu, kazi nayo huongezeka maradufu, ilhali ya jedwali huongezeka mara nne.

Kilichonivutia zaidi ni sarufi. J huita <. kitenzi, na / na \ vielezi, na kielezi hufuata kitenzi chake kama tusemavyo "lima haraka". Vijana wetu waliushika mpangilio huo upesi kuliko walivyoshika vitanzi, yaani amri za kurudiarudia hatua, vya lugha nyingine.

Upungufu upo, tena si mdogo. Nukta moja hubadilisha maana yote: <. huchagua kilicho kidogo kati ya viwili, <: huuliza kama cha kwanza hakikizidi cha pili. Maelezo tuliyoyatumia yote ni ya Kiingereza. Aidha, amri za 6!:2 na 7!:2, zinazopima muda na kumbukumbu, zinastahili kufundishwa siku ya kwanza. Sisi tulizifikia tumechelewa, na kwa juma zima tulilisifu lile jedwali kwa sababu tulikuwa tukilijaribu kwa bei kumi tu.