Mkahawa wa vyungu viwili Lamu: tathmini ya mteja mwenye utumbo unaokereka

Katika kichochoro kimoja cha Lamu, si mbali na soko lililo kando ya Ngome, upo mkahawa mdogo usio na kibao mlangoni, ambao kila adhuhuri hupika mchuzi wa samaki katika vyungu viwili: kimoja kina kitunguu maji na kitunguu thomu kama ilivyo ada ya pwani, na cha pili hakina. Naandika tathmini hii kwa ajili ya chungu hicho cha pili, kwa kuwa nina tatizo la utumbo kukereka, ambalo madaktari huliandika kwa herufi IBS, yaani maumivu ya tumbo yanayorudi mara kwa mara pamoja na kuharisha, kufunga choo, au vyote kwa zamu, ilhali vipimo vya kawaida havionyeshi kidonda wala uvimbe.

Wenye tatizo hili si wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha zaidi ya watu 73,000 katika nchi 33, ulilikuta kwa asilimia 4.1 ya waliojibu maswali kwa intaneti, kwa vigezo vya kitabibu vya kulitambua tatizo hili, viitwavyo vya Roma, vya mwaka 2016, vinavyotaka maumivu yawepo angalau siku moja kwa wiki. Kwa vigezo vya awali, vilivyokuwa vyepesi zaidi, kiwango hufika takriban asilimia 10. Lakini katika nchi ambako watu walihojiwa nyumbani ana kwa ana, kiwango kwa vigezo vya 2016 kilikuwa asilimia 1.5 tu. Tofauti hiyo yaweza kuwa na sababu nyingi, maana nchi zenyewe si zile zile, ila yeyote aliyelelewa Lamu, ambako habari za choo hazisemwi mbele za watu, ataitambua mojawapo: haya.

Hapo ndipo mkahawa huu unapostahili sifa. Mpishi, mama wa makamo, hamuulizi mteja anaumwa nini. Hufunua vyungu na kusema, "Mwanangu, nikupakulie cha thomu au kisicho thomu?" na mteja huonyesha kwa kidole, basi. Nilipomuuliza ladha ya chungu cha pili huitoa wapi, alinionyesha: hukaanga vitunguu thomu vizima katika mafuta hadi vibadilike rangi, kisha huviopoa vyote kabla ya kutia tui, bizari na tangawizi. Njia hiyo ina msingi, kwa sababu sukari za kitunguu zinazochachia utumboni na kuleta gesi huyeyuka katika maji, haziyeyuki katika mafuta. Vikiachwa mpaka tui limiminwe, kazi yote imeharibika. Mchuzi hutoka wa rangi ya dhahabu, wenye harufu kamili ya thomu, na changu wake hawapondeki.

Jambo la pili ninalolithamini ni maji ya kunywa, ambayo huchemshwa. Takriban mtu 1 kati ya 10 wanaopata maambukizi makali ya tumbo hubaki na utumbo unaokereka baada ya maambukizi yenyewe kwisha, kwa hiyo maji safi ni kinga hata kwa mteja ambaye bado ni mzima. Tatizo huwapata zaidi wanawake na walio chini ya miaka 50, na huenda sambamba na wasiwasi na msongo wa mawazo. Kwa mtu wa namna hiyo, choo safi chenye maji, kisichohitaji kuombewa ufunguo, hutuliza moyo kabla chakula hakijaletwa, na hapa kipo.

Kasoro zipo. Asubuhi hakuna ila mahamri na mbaazi, ngano na jamii ya kunde kwa pamoja, vyote vikiwa vigumu kwa matumbo kama yangu. Kachumbari yenye vitunguu vibichi hutiwa juu ya wali bila mteja kuulizwa, jambo linalobatilisha uangalifu wote uliofanywa jikoni. Kinywaji ni juisi ya embe au soda; ningefurahi kuona madafu. Siku za Maulidi, mji unapojaa wageni, chungu cha pili hupikwa kidogo na huisha mapema.

Mwenye damu katika choo, anayekonda bila sababu, au aliyeanza kuumwa akiwa amevuka miaka 50 aende hospitali kwanza, kwani hizo si dalili za kubadilishiwa mchuzi. Kwa wengine, sahani ya wali na changu ni shilingi 350, na ni afadhali kufika kabla ya watu kutoka msikitini.