Darasa la jioni la sarufi ya Kiingereza, Shangani, Mtwara: kiima kinafundishwa vizuri kuliko viwakilishi

Darasa hili, ambalo wanafunzi wake wengi ni makarani na watu wanaojiandaa kwa usaili wa kazi, linatumia muda mrefu kwa mada mbili: namna ya kutambua kiima cha sentensi ya Kiingereza, yaani kile ambacho kitenzi kinakizungumzia, na namna ya kujua kiwakilishi, yaani neno kama "it" linalosimama badala ya nomino, kinarejelea nomino ipi. Mada ya kwanza imeniridhisha kabisa. Ya pili imeniacha na maswali.

Katika kiima, mwalimu haanzi na fasili. Huandika ubaoni "The price of cashew nuts have fallen", kisha huuliza ni kitu gani kilichoshuka. Katika mkoa wa korosho swali hilo halimshindi mtu: iliyoshuka ni bei. Hapo hufuta "of cashew nuts", na kosa la "have" likajianika lenyewe, kwa kuwa "price" ni umoja na inadai "has". Baada ya hapo huja "There are two ships in the harbour", ambamo kiima hufuata kitenzi na "there" inashika nafasi tu, na "Close the gate", ambamo kiima "you" hakitamkwi.

Viwakilishi navyo vilianza vyema. Kwa sentensi "The lamp fell on the chair and it broke", alionyesha kwamba kwa Kiswahili upatanisho wa ngeli ungemaliza ubishi wa nini kilivunjika mara moja, kwani tungesema ama ikavunjika, yaani taa, ama kikavunjika, yaani kiti, ilhali "it" haituambii lolote. Akaongeza, kwa haki, kwamba Kiswahili nacho hukwama penye watu wawili: Asha akimwambia Fatuma kuwa mkoba wake umechanika, hatujui ni wa nani mpaka jina litajwe.

Kasoro ni kanuni aliyoitoa baadaye, kwamba kiwakilishi daima hurejelea nomino iliyo karibu nacho zaidi. Si kweli. Katika "She took the pen out of the drawer because she needed it", iliyo karibu ni droo, lakini kinachohitajika ni kalamu, na hilo tunalijua kwa maana ya sentensi nzima. Vilevile alisisitiza kwamba "everyone" ifuatwe na "his" pekee, ingawa "their" ya umoja, yaani inayomrejelea mtu mmoja, imeandikwa na Waingereza tangu karne ya 14 na leo inakubalika hata katika maandishi rasmi.

Chumba kina joto, kama vyumba vingi vya hapa. Kitini cha masomo kina mazoezi mengi lakini hakina majibu, hivyo aliyekosa kipindi hana pa kujisahihishia. Anayeandika barua za kikazi namshauri ajiandikishe, ila afikapo kwenye viwakilishi aje na sentensi zake mwenyewe kutoka kazini, maana mwalimu huyu hujibu maswali vizuri zaidi kuliko anavyotoa kanuni.