Mwaka mzima na hii huduma ya kusambaza nyimbo: nyota tatu, na nitaeleza mbona si tano

Mimi ni gitaa na sauti tu. Naandika nyimbo zangu mwenyewe, naishi Umoja, mtaa wa hapa Nairobi, kwa bedsita ya juu kabisa, na ngoma zote nimerekodi hapo nikiwa nimejifunika blanketi, maiki niliinunua kwa maduka ya Luthuli mjini baada ya kubishana bei karibu saa nzima. Sitaji jina la kampuni, hizi za kulipa mara moja kwa mwaka zinafanana sana.

Kazi yenyewe ya kutuma wimbo kwa apu za muziki wanaifanya vizuri, hapo sina neno. Unapandisha faili ya WAV, picha ya kava ya mraba, unajaza majina ya watunzi, ISRC, ile namba ya kutambulisha rekodi, wanakupea wenyewe, basi. Nilituma Jumatatu usiku na kufikia Ijumaa wimbo uko Boomplay, Audiomack, Spotify, kila mahali, binamu yangu yuko Doha akanitumia skrinshoti akiwa kazini nikaruka ruka kwa nyumba hadi jirani wa chini akagonga ukuta.

Sasa shida. Ngoma ya pili nilikuwa na homa, vidole havitaki, nikachukua lupu ya gitaa ya bure kwa intaneti, kipande kifupi kinachojirudia, nikaimba juu yake. Wakati wa kujaza fomu kuna kisanduku cha kuuliza kama unataka walinde wimbo wako YouTube kwa Content ID, ule mfumo unaotambua wimbo ni wa nani, nikatiki, nani hataki kulindwa bana. Wiki mbili baadaye video yangu mwenyewe, kwa chaneli yangu mwenyewe, imepigwa klemu, yaani imedaiwa ni yake, na mtu sijawahi kumsikia, pesa ya matangazo haiji kwangu. Nikaandikia kampuni. Jibu la kwanza ni la roboti, la pili ni lile lile ila wameongeza "habari" mbele, siku 19 ndo binadamu akajibu, na huyo naye akanieleza kitu kingekuwa kwa ile fomu kwa herufi kubwa: lupu ya bure inatumiwa na watu wengi, kwa hivyo mfumo hauwezi kujua ni ya nani, na sikufaa kutiki. Yaani huyo jamaa wa klemu nilikuwa nimemtukana kichwani siku zote hizo kumbe yeye pia alipakua lupu ile ile na akatiki kama mimi. Kosa ni langu nusu, nakubali. Nusu ni yao, siku 19 ni mingi sana kwa mtu amelipa.

Pesa? Usiache kazi. Spotify tangu 2024 rekodi isipofikisha strimu 1,000 kwa miezi 12 hailipwi, na ya kwanza yangu iliishia mia saba na kitu. Zingine zinaingia pole pole, unaona kwa akaunti baada ya miezi kadhaa, alafu huwezi kutoa hadi ufikishe kiwango chao, alafu inapitia PayPal ndo ifike M-Pesa, na kila mlango unakatwa kidogo. Na ujue hiyo ni pesa ya rekodi. Ya utunzi wimbo ukipigwa redioni au kwa klabu ni mambo ya vyama vya kukusanya mirabaha ya watunzi, hii huduma haikufuatilii.

Kitu kimeniuma kuliko hata klemu ni Skiza, ile ya Safaricom ya kuweka wimbo usikike mtu akikupigia. Watu wangu wa ukweli ni wamama wa kanisa na wasee wa ploti yetu, hao hawana apu ya muziki, wanaskia wimbo wanauliza "sasa hii nitaiwekaje kwa simu?" Hii huduma haifiki huko, lazima utafute kampuni nyingine ya hapa ndo ikuingizie, na makubaliano mengine ya kugawana. Nilikuwa nimesoma "kila mahali duniani" nikadhani na Umoja imo.

Lakini nimelipia tena, kwa sababu usipolipa nyimbo zinatolewa, na hilo ndo linanifanya niwape tatu badala ya nne. Ngoma ya tatu imeenda juzi. Gitaa nimepiga mwenyewe, kile kisanduku nimetiki kwa amani, na kwa ubeti wa pili ukiskiza na hedifoni utamsikia jamaa wa vyuma kuukuu akipita huko chini na spika yake, nilijaribu kumtoa nikashindwa.